Kabla bendi yenu ya roki haijapanda jukwaani

Anzeni na watu, ukumbi utafuata. Nyanda za Juu Kusini hazina shida ya wapigaji, maana kwaya za Walutheri, Wamoravian na Wapentekoste zimefundisha vijana wengi gita la solo, besi, kinanda na drams. Mpiga drams mnayemtafuta huenda kila Jumapili asubuhi yuko madhabahuni. Mkimpata, kaeni naye muangalie ratiba ya kwaya yake kabla ya kupanga chochote, kwa sababu Pasaka na makongamano hatapatikana, na si vizuri kumgombanisha na mwalimu aliyemlea.

Makubaliano yaandikwe kabla hela haijaingia. Vyombo ni vya nani, anayejitoa anaondoka na nini, jina la bendi linabaki kwa nani, wimbo upi ametunga nani. Karatasi moja yenye sahihi za wote inatosha. Nyimbo zenu zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na bendi yenyewe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984. Kuhusu kibali cha onyesho, mkamwone afisa utamaduni wa halmashauri mapema. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue tarehe na saa mtakayomaliza. Gita la mkwaruzo saa tano usiku pale Soweto au Mwanjelwa, Mbeya, nyumba zilivyosongamana, majirani hawatalivumilia.

Roki si muziki mgeni kwetu. Miaka ya 1970 Sunburst walipiga afro-roki Dar es Salaam, na ukivuka Tunduma tu, Zambia ilikuwa na bendi za WITCH ya Emmanuel "Jagari" Chanda na Ngozi Family ya Paul Ngozi. Hao ndio waliojenga mtindo unaoitwa Zamrock, magita yenye mkwaruzo yakichanganywa na midundo ya nyumbani. Nawataja kwa sababu bendi inayoiga Marekani kila kitu haidumu huku. Imbeni Kiswahili. Kiitikio kiwe kifupi, mtu ambaye hajawahi kusikia roki akishike mara ya pili kinapoimbwa. Andaeni onyesho la dakika 45 kamili, nyimbo kumi hivi, na mzipige mfululizo mazoezini bila kusimama. Mkiweza kufika mwisho hata kama uzi umekatika katikati, mko tayari.

Sasa umeme, na hapa naomba msiharakishe. Vyombo vyetu vinatumia volti 230, lakini ukumbi wenye nyaya za zamani unaweza kushuka chini ya hapo taa zote zikiwaka, na amplifaya zikaanza kuzima. Nendeni na fundi umeme mchana, siyo jioni ya shoo. Aangalie kama soketi zina waya wa ardhi. Amplifaya ya gita ikichomekwa upande mmoja na mitambo ya sauti upande mwingine, huku waya wa ardhi ukiwa mbovu, mwimbaji anayepiga gita anaweza kupigwa shoti mdomoni anapogusa maiki, kwa sababu mikono yake iko kwenye nyuzi. Hilo linaua. Fundi athibitishe kuwa waya wa ardhi ni mzima, kisha vyombo vyote vya jukwaani vipate umeme kwenye laini moja. Faida nyingine ni kwamba ule mvumo unaosikika kwenye spika hupungua. Jenereta, kama ipo, iwashwe na kupimwa ikiwa imebeba mzigo wote. Jeki, nyuzi, fyuzi na betri za volti 9 za pedali ziwe na akiba.

Baridi nayo ina mambo yake. Juni na Julai Mbeya, gita likisafirishwa usiku nyuma ya pikapu, nyuzi hukaza na sauti kupanda, halafu ukumbi ukijaa watu na joto sauti hushuka. Vyombo vifike mapema, vitolewe kwenye mifuko, vikae ukumbini nusu saa ndipo mrekebishe sauti za nyuzi. Kuanzia Novemba hadi Aprili tatizo ni bati. Mvua kubwa ikinyesha juu ya ukumbi usio na dari, hakuna maiki itakayoshinda.

Tarehe ichagueni kwa mifuko ya watu. Wanafunzi wa vyuo vya MUST (Mbeya), Mkwawa au Ruaha (Iringa) watakuja boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likiwa limetoka. Wiki za mitihani hawaji. Kiingilio kiwe kidogo, na ukumbi uwe mdogo pia. Watu 60 waliobanana wanaimba, lakini hao hao kwenye ukumbi wa watu 500 wanaona aibu. Mimi ningechagua chumba kidogo kila mara.

Mlangoni awepo mtu wa kuomba namba za simu, kwa hiari, ili kuwe na kundi la WhatsApp la mashabiki. Mwingine arekodi video ya wimbo mmoja tu, akisimama karibu na spika lakini asiwe mbele yake, na kwanza ajaribu kama simu haipasui sauti. Kipande hicho kitumwe kesho yake, watu wakiwa bado wanahadithia. Na ukumbi wa onyesho la pili muwe mmeshaupata, ili mwimbaji ataje siku na mahali kabla watu hawajatoka. Kama ni Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya, ulizeni mapema kama basi litapokea drams, na nauli ya mzigo iwe kwenye bajeti.