Skwadi ya watu wanne, laini moja: kupanda ranki ya PUBG Mobile mkiwa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa marafiki wanne wanaokaa mtaa mmoja, tuseme Katuba au Kenya (mitaa ya Lubumbashi), wanaocheza PUBG Mobile kwa simu za Android, wote kwa hotspoti ya simu moja. Kila wakigusa ngazi ya Platinum wanarudi Gold, iliyo chini yake. Mara nyingi shabaha yao haina kasoro. Alama zinawatoka kwanza kwenye mtandao, halafu kwenye kelele za maongezi. Ndiyo maana sehemu ya mtandao ni ndefu kuliko nyingine zote, nayo msiiruke.

1. Seva moja kwa wote

Kabla ya mechi ya kwanza, wote wanne fungueni orodha ya seva na msome milisekunde zilizoandikwa pembeni ya kila moja. Linganisheni Ulaya na Mashariki ya Kati, saa ileile mnayocheza kila siku, kwa siku mbili tatu. Msikimbilie kuthibitisha, maana ukishabadilisha seva unafungiwa siku 60, na ranki uliyopanda kwenye seva moja haikufuati kwenye nyingine.

Pingi, yaani hizo milisekunde za kwenda hadi seva na kurudi, ya 30 msiisubiri. Kutoka Lubumbashi hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kwenda na kurudi tayari ni 70, na waya haunyooki hivyo: unazunguka hadi pwani kwanza, ndipo uingie baharini. Programu inayojitangaza kwamba itakushushia pingi hadi 20 inakula pesa yako bure. Ifute.

2. Simu

Picha weka Smooth, vivuli zima. Kasi ya fremu chagua ile ambayo simu inaimudu kwa nusu saa nzima, si ile inayoimudu kwa dakika tano za mwanzo. High ni fremu 30 kwa sekunde, Ultra 40, Extreme 60. Arobaini zisizotikisika zinashinda sitini zinazoshuka hadi 25 simu ikishapata moto. Toa kava, na usicheze huku unachaji. Masikioni vaa zenye waya: za Bluetooth zinachelewesha mlio wa hatua za adui, na zinatumia masafa yaleyale ya GHz 2.4 ambayo hotspoti nyingi zinatumia.

3. Mtandao

Hapa ndipo saa zinapopotea, kwa sababu dalili ni moja na magonjwa ni manne. Unafungua mlango, unapita, halafu unajikuta umerudishwa nje na mlango umefungwa. Unamimina risasi kumi mwilini mwa mtu, hata tone la damu halitoki. Kila mtu anasema "ni reso", yaani mtandao, na forfe nyingine, kifurushi cha data, inanunuliwa. Forfe kubwa haiponyi chochote hapa: mechi yenyewe inakula mega kidogo sana. Kinachohitajika ni vipaketi vidogo vifike kwa wakati, bila kukatika.

Kwanza jifunzeni kusoma namba ya pingi iliyo kwenye skrini. Msiangalie ukubwa wake tu, angalieni inavyocheza. Mtu mwenye 180 isiyohama anaweza kupigana vizuri. Mwenye 110 inayoruka hadi 400 kila dakika atakufa mlangoni.

Sasa pimeni, mkiwa kwenye uwanja wa mazoezi, dakika tano kila kipimo. Msipime ndani ya mechi ya ranki.

Kipimo cha kwanza: simu inayotoa hotspoti icheze peke yake kwa data yake, hotspoti ikiwa imezimwa. Ikiruka hapo, tatizo ni laini au mahali mlipokaa. Toka chini ya bati, sogea dirishani au uani, jaribu tena. Ikiendelea, weka laini ya kampuni nyingine kwenye simu hiyohiyo, mahali palepale, saa ileile. Msibadilishe vitu viwili kwa pamoja, la sivyo hamtajua kilichoponya ni kipi.

Angalieni pia alama ya juu ya skrini. Kama inabadilika 4G, 3G, 4G, kila mruko ni sekunde kadhaa za kufa ganzi. Kwenye simu nyingi za Android, ukibonyeza *#*#4636#*#* unapata ukurasa wa kuchagua LTE (yaani 4G) pekee. Simu nyingine zimeufunga ukurasa huo, basi tafuta kwenye mipangilio ya laini. Lakini tahadhari: ukifungia LTE pekee, na laini yako haipitishi sauti kwa 4G, hakuna atakayekupata kwa simu. Rudisha ukimaliza kucheza. Mama akikupigia mara tano bila kukupata, atawaza mabaya.

Kipimo cha pili: washa hotspoti, simu ya pili iingie. Ya kwanza ikiwa shwari na ya pili inaruka, tatizo ni waifai. Hamisha hotspoti kwenye GHz 5 ikiwa simu zote zinaipokea, na mkae chumba kimoja, kwa sababu GHz 5 haipendi kuta za matofali. Kama simu moja tu haiipokei, huyo atumie data yake mwenyewe, wengine watatu wabaki pamoja.

Kipimo cha tatu: wote wanne ndani. Kama kulikuwa shwari kwa wawili na kumeharibika kwa wanne, mara nyingi kuna simu inapandisha kitu. Njia ya kupandisha kwenye laini ya simu ni nyembamba kuliko ya kushusha. Video moja ya statasi ya WhatsApp ikianza kupanda, inajaza njia, na vipaketi vyenu vinapanga foleni nyuma yake. Zimeni kwenye simu ZOTE, na si ile ya mwenye hotspoti tu: hifadhi ya Google Photos, nakala ya usiku ya WhatsApp, masasisho ya Play Store. Na dada akiomba nenosiri la hotspoti "dakika moja tu", asubiri mechi iishe.

Ugonjwa wa nne ni simu kupigwa. Kwenye simu ya laini mbili, ukipokea mwito laini ya kwanza, data ya laini ya pili kwa kawaida inasimama hadi ukate. Mwenye hotspoti akipokea mwito mmoja, skwadi nzima imeanguka. Dawa yake ni rahisi: laini ya kupigiwa iwekwe kwenye simu ndogo ya tochi, mezani. Wale watatu walio kwenye waifai waweke hali ya ndege, kisha wawashe waifai tena.

Wenye ruta ya nyumbani: delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu) ya SNEL, shirika la umeme, inazima ruta kabla haijazima simu. Someni kibandiko cha adapta. Kama ni volti 12, kuna betri ndogo za ruta za volti hizohizo zinazokaa kati ya adapta na ruta. Mkikosa, basi ranki chezeni kwa data tangu mwanzo. Kuhamia data katikati ya mapigano kunawatoa wote kwa wakati mmoja.

4. Saa

Jioni, kati ya saa moja na saa nne usiku, wachezaji wa Ulaya wamejaa, kwa sababu saa yetu na ya Berlin ni ileile wakati wa kiangazi chao, na wakati wa baridi tunawatangulia kwa saa moja tu. Lakini ndiyo saa ambayo mtaa wote uko kwenye mnara uleule. Alasiri ya Jumamosi ni bora kuliko usiku wowote.

5. Kugawana kazi

Mko watatu? Zimeni kujaziwa mgeni. Mgeni asiyeelewa lugha yenu anakimbilia mlio wa kwanza, nanyi mnamfuata kumfufua.

Risasi: wawili wachukue 5.56 (bunduki za M416, SCAR-L), wawili 7.62 (AKM, Beryl M762). Mkiwa wote wanne na M416 mtagombania masanduku. Dereva ni mwenye pingi tulivu kuliko wote, hata kama kuna fundi kumzidi. Dereva anayeruka anawagongesha mti.

Sauti tumieni ya ndani ya mchezo. Mwito wa kikundi wa WhatsApp unageuza simu kuwa kwenye hali ya mazungumzo, na hatua za adui zinafifia. Mnapoonyesha adui, msiseme "kule, kwenye mti". Someni namba ya dira juu ya skrini, tarakimu moja moja: "mbili, ine, tano, ukuta mweupe". "Mia mbili arobaini na tano" ikiisha kutamkwa, adui ameshajificha. Aliyeangushwa aseme namba mara moja, kisha anyamaze. Kumfufua ni sekunde 10, na sekunde hizo masikio yanahitajika. Tupeni moshi kwanza, ndipo mpige goti.

6. Mmoja akikatika

Asianzishe simu upya. Afunge mchezo, aufungue, abonyeze kuunganisha tena. Mwili wake unabaki mechini umesimama, kwa hiyo mmoja abaki karibu naye, na wengine wasisogee zaidi ya nyumba mbili. Kama duara la eneo salama limeanza kufunga na hajarudi ndani ya dakika moja, ondokeni na gari bila yeye. Nafasi mnayomalizia ina uzito mkubwa kwenye alama zenu. Baada ya mechi hiyo rudini uwanja wa mazoezi, kipimo cha kwanza, kabla ya kubonyeza kuanza tena.