SOMO: Fayawoli pacha zinapoacha kupeana hali za miunganisho

Wakuu wa Tabora na Kigoma mnaoendesha pfSense (programu ya fayawoli) mbili kwa CARP (mbinu ya mashine mbili kushiriki anwani moja ya IP), dalili ni hii: ya kuu ikizima, ya akiba inashika anwani ya pamoja vizuri tu, lakini SSH (kuingia mashine kwa mbali) na upakuaji unaoendelea vinakatika.

Msidanganywe na sheria mpya kuonekana kwenye mashine ya pili. Mipangilio hunakiliwa kwa XMLRPC. Hali za miunganisho (kumbukumbu za fayawoli kuhusu kila muunganisho ulio wazi) husafiri kwa pfsync, protokali namba 240, ambayo si TCP wala UDP.

Piga `pfctl -si` pande zote, linganisha "current entries". Zikikaribiana, ruka hadi NAT (kubadilisha anwani za ndani ziwe ya nje) hapo chini. Ya kuu ikiwa na 18,000 na ya akiba 40, piga kwenye ya akiba:

`tcpdump -ni igb2 proto 240`

(weka jina la kadi yako ya sync). Kimya? Angalia kebo, kisha kama pfsync imewashwa pande zote. Paketi zinaonekana ila idadi haipandi? tcpdump huziona kabla sheria hazijazikataa, na wengi kwenye kadi hiyo huruhusu TCP peke yake. Ongeza sheria ya PFSYNC.

Bado? Linganisha majina ya kadi. Kila hali hubeba jina la kadi yake: WAN (upande wa intaneti) ikiwa igb0 huku na em0 kule, hali hiyo haina pa kukaa. Tumia mashine zenye kadi za aina moja kwa mpangilio uleule, au ziweke kadi ndani ya LAGG (kundi la kadi linalohesabiwa kama kadi moja) ili pande zote zisome lagg0, lagg1.

NAT ya kutoka itumie anwani ya CARP. Ikitumia anwani ya WAN ya mashine yenyewe, majibu yanarudi kwa mashine iliyokwisha kuzima.

Swali (Kasulu): Umeme ukikatika zote zinazima, ukirudi miunganisho imepotea. Pfsync imekufa?
Jibu: Hapana mkuu. Hali hukaa kwenye RAM. Zote zikizima, hakuna wa kumpa mwenzake. Kila moja iwe na UPS yake, na swichi msiisahau.

Swali (Tabora mjini): Naweza kuipitisha pfsync kwenye LAN ya ofisi?
Jibu: Usifanye hivyo. Pfsync haihakiki mtumaji wala haifichi data. Aliye ndani anaweza kupandikiza hali bandia. Unganisha mashine kwa mashine, kebo moja.

Swali (Urambo): Nawezaje kuwasha upya ya kuu bila kukata watu?
Jibu: Kwenye ya kuu, bonyeza kwanza "Enter Persistent CARP Maintenance Mode" ili ya akiba ishike anwani, kisha iwashe upya. Ikiwaka, iache humo mpaka "current entries" zikaribiane, ndipo uitoe.