Kuchagua taliti, shali ya sala ya Kiyahudi

Rangi na michirizi viache mwisho. Anza na pembe. Taliti ni nguo ya pembe nne, na kila pembe ina kishada chake kama ilivyoagizwa katika Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 15, ili anayevitazama azikumbuke amri za Mungu. Vishada vikiwa na kasoro, hata sufu ya bei kubwa ni shuka tu.

Vihesabu kabla ya kulipa. Nyuzi nne hupita tundu moja na kukunjwa, zikawa nane. Mmoja, mrefu kuliko wenzake, huzungushwa mara 7, 8, 11 na 13 baina ya mafundo matano ya maradufu. Huo ni mtindo wa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Wasefardi, wenye asili ya Hispania na Ureno, wana wao, basi ukimnunulia mtu zawadi uliza kwanza jumuiya yake. Neno la Kiebrania la vishada, tzitzit, kwa hesabu ya herufi, ambapo kila herufi ina thamani ya namba, ni 600. Ongeza nyuzi 8 na mafundo 5, zinatimia amri 613 za Torati.

Kwa joto la Tanga tafuta sufu nyepesi. Hariri huteleza mabegani. Sufu iliyochanganywa na kitani ni mwiko (Kumbukumbu la Torati 22:11), kwa hiyo soma lebo, hata ya utepe wa shingoni. Kipimo? Jitandie kanga mabegani: ina takriban sentimita 110 kwa 150. Ikikomea magotini, taliti ya 130 kwa 180 itashuka hadi kwenye muundi, na hivyo ndivyo inavyopendeza.

Ukimpa fundi wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, akushonee, mwambie asiviringe pembe, maana nguo ya pembe za duara haidaiwi vishada. Apinde kwanza, atoboe tundu lisilozidi vidole vitatu kutoka ukingoni. Nyuzi zifungwe mwisho kabisa, nguo ikiwa imekamilika. Uzi wa dukani haufai: lazima uwe umesokotwa kwa nia ya kazi hiyo. Agiza uliokwisha kutayarishwa.

Unyevu wa pwani huleta ukungu, na nondo hupenda sufu. Anika kivulini kabla ya kukunja. Ukifua, funga kila kishada ndani ya kifuko kidogo, la sivyo nyuzi husokotana na kukatika. Uliokatika usiuunge mwenyewe. Mwonyeshe rabi, kwani kilichobaki chaweza kutosha au pembe yote ikahitaji kufungwa upya.