Unampeleka mgonjwa Chennai? Panga chumba na usafiri kwa pamoja

Watu wengi wakishapata viza wanaanza kutafuta chumba cha bei rahisi, halafu usafiri wanasema tutajua huko huko. Kwa Chennai, kule India, usifanye hivyo ndugu yangu. Chumba cha bei chee kilicho mbali kitakula hela yote uliyookoa kwenye nauli za bajaji, na mbaya zaidi ni mgonjwa, mtu katoka kupasuliwa juzi halafu unampandisha na kumshusha kwenye foleni na jua lile la mwezi wa tano, haifai kabisa.

Kwa hiyo anza na hospitali. Kama mnaenda Apollo ile ya Greams Road, tafuta chumba mitaa ya hapo hapo, Greams Road yenyewe au Thousand Lights, kuna loji na apatimenti nyingi zimezoea wagonjwa wa kutoka nje na ndugu zao. Mkikaa zaidi ya wiki mimi nashauri apatimenti yenye jiko, maana chakula cha kule pilipili inaanzia kwenye kifungua kinywa, na mgonjwa akitaka uji wake mnampikia wenyewe.

Kabla hujalipa chochote uliza kama wanapokea wageni wa nje ya India. Mwenye nyumba anatakiwa apeleke taarifa zako serikalini kwa fomu inaitwa Form C ndani ya saa 24 tangu ufike, na zipo loji ambazo hazijajiandikisha kwa hilo, zinakurudisha mlangoni na mabegi yako usiku wa manane. Uliza na siku yao inahesabiwaje, nyingine ni saa 24 tangu ulipoingia, nyingine wote mnatoka saa sita mchana hata kama uliingia alfajiri. Ukifika usitoe hela, panda juu ukione chumba. Washa AC uisikilize, fungua bomba la moto, ila hita ya maji wanaita geyser na swichi yake mara nyingi iko ukutani nje ya bafu, iwashe kwanza usubiri. Lifti pia uiangalie kama inafanya kazi. Na beba adapta, plagi zao ni za pini za mviringo, za kwetu za pini tatu bapa haziingii.

Sasa kutembea mjini. Bajaji wao wanaita auto, ziko kila kona, zina mita lakini dereva wengi hawataki kuiwasha wakiona mgeni. Dawa yake ni kufungua Uber au Ola kwenye simu uone bei ya safari hiyo, ukishaijua ndo unaongea na dereva, au unaita hiyo hiyo ya kwenye simu, dereva akija unamtajia zile namba nne za siri zinazotokea kwenye simu yako ndo safari inaanza. Kiingereza kidogo kinatosha, wenyeji wanaongea Kitamili, ile Hindi uliyookota kwenye muvi haikusaidii sana huku, ni bora umuonyeshe ramani. Tembea na noti ndogo ndogo za rupia 10, 20 na 50, maana wenyeji wanalipana kwa simu na chenji inakuwa shida, noti kubwa ni 500 tu, zile za 2000 waliziondoa mwaka 2023 so dalali wa kubadilisha hela akikupa kataa.

Kwa ndugu anayemuuguza mgonjwa, metro, yaani treni ya mjini, ndo mkombozi. Ni safi, ina kiyoyozi, haina foleni, na laini ya bluu inatoka uwanja wa ndege inapita Thousand Lights mpaka Chennai Central, stesheni kubwa ya reli. Kuna sehemu ya wanawake peke yao, wababa angalieni maandishi msiingie. Ila mgonjwa mwenyewe siku ya kufika mchukulieni teksi, kutoka stesheni mpaka loji bado kuna kipande cha kwenda.

Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili kuna mvua kubwa na barabara zinajaa maji, siku ya miadi ya daktari toka mapema. Na siku ya kurudi nyumbani printi tiketi uiweke pamoja na pasipoti mkononi, pale uwanja wa ndege askari anazikagua mlangoni kabla hujaingia ndani, na wenyeji wako waliokusindikiza wanaishia hapo nje.