Bastola yako ya leseni: kipi ubadilishe, kipi ukiache

Kabla ya kushika bisibisi, chomoa magazini kwanza, ndipo uvute silaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, utazame chemba (tundu la mtutu linamokaa risasi) na kuipapasa kwa kidole. Ukigeuza mpangilio huo, silaidi ikirudi itachukua risasi nyingine kutoka magazini na kuiingiza chemba, nawe utadhani bastola iko tupu. Risasi zote zikae chumba kingine.

Ufundi wa silaha Tanzania ni kazi ya leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Namba ya silaha haiguswi hata kwa msasa. Ukitaka kubadili mtutu au silaidi, pita kwanza ofisi ya OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Yanayofuata ni madogo.

Anza na springi. Hazionekani, ndiyo maana watu huziruka na kukimbilia urembo. Springi ya kurudisha silaidi kwenye bastola nyingi za 9 mm hubadilishwa baada ya kufyatua risasi kati ya 3,000 na 5,000. Wamiliki wengi hawafiki huko, lakini kwa anayeishi Tukuyu, penye mvua nyingi, kutu huweza kuwahi kabla ya hesabu hiyo. Ikichoka, maganda huruka mbali kuliko zamani, na silaidi hubaki wazi kidogo bila kufunga. Nunua yenye nguvu ileile ya kiwandani. Ngumu zaidi huzuia silaidi kufika nyuma vya kutosha, ganda likabanwa kwenye tundu la kutokea maganda. Laini zaidi huiacha silaidi igonge fremu kwa nguvu. Springi ya magazini nayo huchoshwa zaidi na kujazwa na kumwagwa kila mara kuliko kukaa imejaa.

Vibao vya mpini ni rahisi: bastola ya aina ya CZ 75 ina skrubu moja kila upande, ya aina ya 1911 ina mbili. Vibao vya mti hupendeza, ila masika ya Rungwe huvivimbisha, kwa hiyo plastiki ngumu ina faida. Tia tone moja la gundi ya skrubu ya bluu. Nyekundu itahitaji moto kufunguka. Usikaze kupita kiasi, ufa huanzia kwenye tundu la skrubu. Ukimaliza, hakikisha magazini inadondoka yenyewe ukibonyeza kitufe.

Vilengeo ndivyo vyenye faida kubwa kwa macho yanayozeeka. Kwenye Glock, cha mbele hushikwa na skrubu chini ya silaidi, cha nyuma kimebanwa kwenye mfereji. Kisukumie kwa kifaa chake maalumu. Nyundo na pini ya chuma huacha makovu. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake. Kiasi hupatikana hivi: zidisha kosa kwenye shabaha kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha gawa kwa umbali wa shabaha. Risasi zikienda sentimita 10 kushoto kwa mita 10, na vilengeo vimeachana milimita 152, sogeza cha nyuma milimita 1.5 kulia. Ni kidogo sana, kwa hiyo chora mstari wa penseli kabla ya kuanza.

Triga iache. Springi laini ya nyundo hufanya pini igonge fataki (kiwashio kwenye kitako cha risasi) kwa unyonge, risasi isilipuke, na sehemu za kufyatulia zikisuguliwa vibaya bastola inaweza kufyatuka ikianguka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, basi.

Mafuta yawe machache. Vumbi la Usangu hugeuka tope kwenye mafuta mengi, na grisi nzito huganda asubuhi za Juni Njombe, silaidi ikawa nzito. Ndani ya magazini usitie kabisa. Usiihifadhi bastola ndani ya mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu.

Mwisho, ijaribu kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, kwa risasi zilezile unazobeba. Piga tano tano, si chini ya 50. Andika namba kwenye kila magazini: kukwama kukirudia kwenye moja tu, tatizo ni springi au midomo ya magazini hiyo, si bastola.