Betri ya mashua ndogo ya matanga: kuichaji na kuitunza

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 huuawa mara nyingi na kuachwa bila chaji. Ipime kwa mita baada ya kupumzika saa kadhaa, bila kifaa kuwaka: volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Usiishushe chini ya hapo. Ikikaa hivyo wiki kadhaa, salfeti, chumvi ya risasi, huganda kwenye bamba zake za ndani na uwezo haurudi wote.

Mashua ikifungwa gatini bila umeme, paneli ya sola ya wati 20 hadi 30 yatosha kufidia chaji ya betri inayopotea, mradi ipitie kidhibiti chaji, kifaa kinachozuia chaji kuzidi. Ukiiunga moja kwa moja, volti hupanda mno na maji huchemka yakaisha.

Kama betri ina vifuniko vya kufungua, kagua maji kila mwezi. Ongeza maji safi ya betri tu, si asidi, yafunike bamba, tena baada ya kuchaji; kabla yake yatafurika. Acha mahali pake papitishe hewa: haidrojeni, gesi inayotoka betri ikichajiwa, hulipuka.

Chumvi ya bahari hula vichwa vya nyaya. Sugua, kaza, kisha paka grisi.