Somo: Kumjua sangara na kumvua kwa ndoano

Wakuu habari, mliomba somo la sangara basi tuanze. Naongelea wa Ziwa Victoria, humo alipandikizwa tu miaka ya 1950 na 60, na akishiba miaka anapita kilo 100.

1. Mjue kwanza. Muangalie uso, paji limebonyea juu ya macho, taya la chini limetokeza kuliko la juu, na jicho lina duara la njano. Mwili rangi ya fedha, mkia wa mviringo, pezi la mgongoni mbele lina miiba migumu kweli. Akiwa mdogo ana mabaka ya kahawia, hapo ndo wengi wanachanganya.

2. Mahali. Anapenda maji yenye hewa ya kutosha, kwa hiyo achana na matete yenye maji yaliyolala, tafuta miamba au pale kina kinaposhuka ghafla.

3. Chambo. Furu hai, wale samaki wadogo wa ziwani, hana mpinzani! Mtoboe mgongoni juu juu, usiguse uti, aendelee kuogelea. Ukiwa na boti buruza samaki bandia taratibu.

4. Akidaka. Hapa ndo samaki wengi wanapotea, mtu anavuta kwa pupa. Sangara anaruka juu anatikisa kichwa, mshipi ukilegea sekunde moja tu ndoano inachomoka, we kaza muda wote ila akitaka kukimbia mpe mshipi, mwache achoke mwenyewe.

MASWALI

Mkuu, bila boti inawezekana?
Inawezekana sana, simama kwenye mawe yenye kina karibu, alfajiri au jua likizama.

Mbona mshipi wangu unakatika na hana meno makubwa?
Meno yake ni madogo mengi kama msasa, yanausaga mpaka unaisha. Karibu na ndoano funga kipande kinene, halafu kipapase kila ukishapata samaki, ukisikia mikwaruzo badilisha.

Nikipata mdogo je?
Tanzania chini ya sm 50 hairuhusiwi, na mimi naunga mkono asilimia mia, huyo hajazaa bado. Lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa majini, aende.

Namshikaje asinichane?
Usiingize vidole kwenye matamvua kaka, kifuniko chake kina mwiba mkali. Mshike taya la chini, vaa glovu.